Kaktusi Iliyoinama Siku ya Wageni wa Divine

Ninyi vijana wa kwaya, mnaoshinda kwenye hii grupu mkitumiana picha, leo mtasoma maneno ya mwanamke mzima. Nimeaibika. Afadhali mlisikie jambo lenyewe kwangu kabla majirani wa Gihundwe hawajawaletea na chumvi yao.

Mjukuu wangu Divine ana mchumba, Patrick, kijana wa Kamembe. Leo asubuhi wazazi wa Patrick walikuja kushika irembo, yaani kupita mlangoni kwetu kwa heshima na kusema wana nia na binti. Kwa desturi, upande wa binti haukubali haraka. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba, na nilikuwa nimeshaamua: nitawarudisha, waje tena mwezi ujao, wajue Divine hakuokotwa sokoni. Divine alilijua hilo.

Sasa, sebuleni tuna kaktusi, ule mmea wa miiba mitupu. Divine aliuleta ukiwa kama kidole. Leo unanifika kiunoni, na bado umekaa kwenye kopo lile lile la rangi. Tena umeinama. Umelalia upande wa dirisha kama mlevi anayeongea na ukuta. Mimi nilisema ni uvivu, kama ninyi mnavyoegemea kuta na simu zenu. Halafu nikasema labda ni kiu, nikawa naumwagilia kila asubuhi. Ukazidi kuinama. (Nikazidi kumwagilia. Mimi si mtu wa kukata tamaa.)

Leo wageni wakiwa getini, nikautazama nikaona haya. Watasema nini? Kwa Koko, bibi mzima, hata mmea hausimami? Nilikuwa nimeshavaa mushanana yangu, kile kitambaa cha kufungia begani. Nikachukua kipande cha kitenge, nikausukuma ule mmea nyuma ya kiti changu, nikausimamisha kwa nguvu, nikaufunga kwenye mgongo wa kiti. Fundo la kufungia mbuzi. Ukanyooka kama askari. Nikakaa mbele yake.

Wageni wakakaa, fanta zikafunguliwa, wazee wakazungushana kwa maneno kama kawaida. Mwishowe mjomba wa Divine akasema mwenye neno la mwisho ni Maman, yaani mimi. Divine alikuwa amejificha nyuma ya rido, lile pazia la mlango wa chumbani. (Vidole vya miguu vilionekana.)

Nikasimama.

"Katika hii nyumba," nikasema, "kila kitu kinasimama wima."

Kitu kikanivuta begani. Vijana, nilikuwa nimefunga hata ncha ya mushanana yangu ndani ya lile fundo! Nilivyojivuta, mmea ukakatika pale chini, maana shina lilikuwa limelainika kama ndizi mbivu. Ukachomoka kwenye kitenge, ukapita juu ya mgongo wa kiti, ukalala vizuri pale nilipokuwa nimekaa. Na mimi, kwa kuvutwa, nikarudi kukaa.

Neno nililosema siliandiki hapa. Mchungaji yuko kwenye grupu.

Aliyenishika mkono ni Maman Patrick, mama wa kijana. Akanipeleka chumbani, akanilaza kifudifudi, akatoa kibano cha nyusi kwenye sakoshi yake. Mjomba akauliza kutoka mlangoni kama aite daktari. Nikamwambia arudi kwenye fanta yake.

Maman Patrick alikuwa anatoa miiba polepole huku akinieleza. Alisema ule mmea si mvivu, unafuata mwanga, na dirisha liko upande mmoja tu. Ningegeuza kopo kidogo kila juma, ungekua wima. Tena kadiri unavyozeeka kichwa kinakuwa kizito, na mizizi iliyobanwa kwenye kopo dogo haiwezi kuushika. Kisha akauliza:

"Na maji, Maman? Unaipatiaka mara ngapi?"

"Kila siku."

Nikasikia kitanda kinatikisika.

"Cheka tu," nikamwambia.

"Siwezi, Maman. Mukono itatetemeka, nitakuchoma tena."

Hapo mimi mwenyewe nikashindwa. Tulicheka mpaka nikalowanisha mto.

Sasa niambieni. Muntu amekutoa miiba matakoni, utamwambia arudi mwezi ujao? Nikapaza sauti kupitia rido: "Muwaambie tumekubali. Divine, lete mafuta ya kupaka, halafu umsalimie mama mkwe wako."

Vigelegele vikapigwa mpaka barabarani. Patrick, naambiwa, alilia.

Kile kipande cha juu bado ni kizima. Maman Patrick anasema kiachwe mpaka kidonda chake kikauke, kisha kipandwe kwenye mchanga mkavu, kitatoa mizizi. Basi nimeamuru nyumba nzima: kitafutwe chungu kipana, kigeuzwe kila Jumamosi, na kopo la maji nisilione karibu yake, hata mkononi mwangu. Na mpaka nitakapoweza kukaa, anayetaka kucheka avuke mpaka, akachekee Bukavu, huko Kongo.