Programu Isiyokubali Kunyimwa

Jumatatu, 3 Juni
Gaborone baridi, mimi moto! Programu yangu ya kuandika rekodi za ng'ombe kwenye diski imekamilika. Ijumaa wenye ng'ombe wanakuja kuiona. Ikifaulu, ukuu wa timu ni wangu. Mma Sethunya, mkaguzi wetu, kaniuliza kompyuta ikininyima kumbukumbu, ile nafasi ya programu kufanyia kazi, nitafanyaje. Nikamjibu mimi sinyimwi. Akasema haya, Rra Moatlhodi, tutaona. Wivu tu huo.

Jumanne, 4 Juni
Kumbe ana kijiprogramu ambacho kazi yake ni kunyima. Ukiomba kumbukumbu, hupewi, ili aone utaangukaje. Kakiwasha. Yangu chali! Rekodi mia mbili zimeandikwa nusunusu. Kanishauri programu ikinyimwa iachie ilichokwisha kushika, kisha iseme wazi imeshindwa. Programu yangu irudi mikono mitupu mbele za watu? Thubutu!

Jumatano, 5 Juni
Dawa nimeipata. Ikinyimwa, inaomba tena. Na tena. Mpaka ipewe! Mke wangu alinikataa mara sita, leo yuko wapi? Nyumbani kwangu! Nimejipongeza kwa magwinya manne, yale maandazi yetu ya mafuta.

Alhamisi, 6 Juni
Kompyuta imeganda saa tatu nzima. Sethunya kanieleza mbele ya bosi, Rra Kelesitse, taratibu kama anayelisha mtoto uji. Kompyuta inangoja programu yangu iandike rekodi kwenye diski ndipo iachie kumbukumbu. Programu yangu inangoja kumbukumbu ndipo iandike. Hakuna anayesogea. Bosi akasema nitenge akiba ya kumbukumbu mapema, kabla ya dhiki, nayo ikiisha programu ifuate ushauri wa Sethunya, iachie na kusema imeshindwa. Nimetenga. Nimenuna, lakini nimetenga.

Ijumaa, 7 Juni
Wenye ng'ombe walijaa, kofia magotini. Sethunya akawasha kinyimaji chake. Programu ikanyimwa, ikashika akiba, ikaendelea kuandika ng'ombe. Makofi! Nilivimba kifua mpaka kifungo kikaruka. Akiba ilipokwisha, ikaachia kila kitu vizuri kabisa. Ikabaki kusema tu kwamba imeshindwa.

Ikaganda.

Nilikuwa nimeitungia tangazo la mistari arobaini, jina langu juu na chini. Ili ilionyeshe, ni lazima kwanza iombe kumbukumbu. Na nilishaifundisha kuomba mpaka ipewe.

Ukuu kapewa Sethunya. Sawa. Kosa lao ni moja, hawakuliona lile tangazo, wangelisoma wangenielewa. Jumatatu naliongezea picha yangu, ile ya suti.