Mchele Uliotangulia Kagoshima

Jumatatu, 1 Julai

Nimepewa nafasi ya mwisho. Mke wangu Sachiyo kaitamka huku anakunja nguo, bila hata kuniangalia, ndipo nikajua hatanii. Kasema twende Kagoshima wikiendi ya Siku ya Bahari, sisi wanne tu, na iwe safari ya kupumzika. Akirudi hapa Kurume amechoka kama mwaka jana, basi, kuanzia sasa likizo zetu zote atazipanga kaka yake.

Kaka yake! Norimichi! Mwalimu wa michezo anayekwenda likizo na filimbi shingoni! Watu wazima wanaamshwa kwa filimbi. Wanapanga foleni ya choo kwa filimbi. Nife kwanza.

Na Kyoto ya mwaka jana haikuwa kosa langu. Mahekalu ni mengi, nani aliyajenga? Si mimi. Mwanetu Kanta kutapika ndani ya basi ni suala la tumbo la Kanta. Sachiyo kulia kwenye choo cha stesheni, hilo kweli sikuliweka kwenye mpango.

Anahudumia wazee wa watu kutwa, jioni anatuhudumia sisi. Jana kasinzia amesimama, mkono kwenye bomba, maji yanamwagika. Iliniuma. Nataka apumzike. Nitampumzisha hata kwa nguvu.

Jumatano, 3 Julai

Nimepata! Nimejiuliza swali moja tu: mwalimu gani anapeleka watoto matembezini bila kutangulia mwenyewe kuangalia choo kiko wapi? Hakuna. Hata ofisini kwetu, aliyechaguliwa kuandaa karamu huenda kwanza kuonja bia. Sasa kwa nini baba wa familia aende kichwa kichwa? Nitatangulia Kagoshima. Kesho. Kimyakimya.

Tatizo: kwenda peke yako hakupimi kitu. Mtu peke yake anapanda tramu vizuri tu. Anayetaka kujua ukweli lazima awe na mtoto. Nikamnyanyua Hinano. Nikanyanyua mfuko mpya wa mchele. Nikamnyanyua Hinano tena. Nikiongeza paketi chache za tambi, uzito uleule! Hinano (ana miaka mitatu, haachi kitu kipite) kauliza kwa nini mchele nao unabebwa. Nikasema mchele nao huchoka.

Bosi wangu, Bwana Egashira, nimemwambia jino linaniuma. Sachiyo nimemwambia nina semina Kumamoto. Kanipa pole. Kasema nisisahau kula.

Alhamisi, 4 Julai

Siku tukufu! Naandika ndani ya treni ya kurudi, mchele umelala.

Nilitoka na kigari cha Hinano kile cha zamani, mchele umefungwa mkanda, juu yake kofia ya Hinano ya kijani yenye macho ya chura. Kofia ni kwa sababu ya jua, na kwa heshima pia. Nikaupaka na mafuta ya jua, maana nilitaka kujua yanachukua muda gani. Yanachukua muda.

Kwenye tramu bibi mmoja kainama kumwona mtoto. Kaangalia kwa muda. Kauliza anaitwaje. Nikababaika, nikasoma aina ya mchele iliyoandikwa kwenye mfuko: Hinohikari. Kasema jina zuri, kisha akahamia kiti cha mbali.

Duka la barafu ya kusagwa, ile wanayoimwagia maziwa na matunda: pana, kigari kinaingia. Binti muuzaji kauliza nataka vijiko vingapi. Nikasema viwili. Kivuko cha kwenda Sakurajima, kwenye mlima wa volkano: udon, tambi nene za mchuzi, zinauzwa humo humo, ila safari ni fupi, lazima ule kama unafukuzwa. Nilitaka kujua kama mtu anaweza kumaliza bakuli akiwa na mtoto mapajani. Anaweza, akikubali kuungua.

Mlima wenyewe ulikuwa unafuka moshi kuelekea upande wa pili, kwa adabu kabisa. Nimeuandikia alama nzuri.

Mwisho, nyumba ya wageni ya Bi Kiyono. Nimemweleza yote, kwa sababu niliomba nitandikiwe godoro nione kama mtoto akibingirika atatoboa mlango wa karatasi. Bibi wa watu kanitandikia. Nikaulaza mchele, nikaufunika. Kauliza kama huwa unalia usiku. Nikamwomba tukija kweli ajifanye hatujuani. Kasema katika kazi hii ameona wageni wa kila namna, nisijali.

Kila kitu kimekwenda sawa. Kasoro moja: kofia siioni.

Ijumaa, 5 Julai

Balaa. Hinano kaamka anataka chura wake. Kalia mpaka sauti ikakauka. Nimeshiriki kutafuta kuliko wote. Nimetafuta chini ya friji. Nimetafuta kwa jirani. Nikasema labda kunguru kaichukua. Kanta, ambaye ana miaka mitano na maswali ya mtu wa hamsini, kauliza kunguru ana kichwa cha ukubwa gani. Kisha kauliza kunguru alifunguaje kabati. Mtoto huyu atakuwa polisi.

Jioni Sachiyo kauliza kwa nini mfuko wa mchele unanukia mafuta ya jua. Nikasema ndio mchele wa siku hizi.

Jumamosi, 13 Julai

Tumefika. Sina raha. Naandika nimejificha kwenye ngazi za Bi Kiyono.

Asubuhi ilianza vizuri. Norimichi katufuata stesheni kutuaga. Kumbe kaja kunikejeli! Kasema, "Shemeji, dada akirudi na tabasamu nitakupa filimbi yangu uitupe mtoni." Akaipuliza hapohapo kwenye jukwaa. Watu wawili wakapanda treni isiyo yao.

Kwenye barafu, yule binti kaniona akapiga makofi: "Ee! Leo baba umeleta mwenye miguu!" Nikamwambia Sachiyo kanifananisha. Sachiyo kala barafu yake taratibu, jicho kwangu. Nilitamani anigombeze.

Tukaingia kwa Bi Kiyono. Nikamkonyeza. Bibi akaelewa, akainama, akasema karibuni sana, ndiyo mara yenu ya kwanza Kagoshima? Mwigizaji hasa! Nikashusha pumzi. Na palepale Hinano kapiga kelele ya furaha. Kofia ilikuwa imetundikwa kwenye msumari mlangoni, macho ya chura yananitazama mimi.

Nikasema kofia kama hizo zinatengenezwa nyingi. Sachiyo kaigeuza ndani. Jina la Hinano, wino usiofutika, mwandiko wa Sachiyo mwenyewe. Chekechea inataka kila kitu kiandikwe jina, mpaka soksi, mpaka kijiko. Mbona sikukumbuka? Miaka mitatu namwona anaandika majina kwenye soksi!

Kaniuliza polepole nilikuja hapa lini. Nikasema siku ya Kumamoto. Kauliza nilikuja na nani. Nikasema na mchele.

Bi Kiyono akaona niko matatani, akaacha kuigiza. Kasema, "Kweli, mama. Ni mchele. Alimlaza vizuri tu na kumfunika." Kanta kauliza mchele ulilala upande gani wa godoro. Sachiyo kachukua taulo akaenda kwenye bafu la maji ya moto. Mpaka sasa hajatoka. Sijui anaoga au analia. Nimesimama nje ya pazia nikaita Mama Kanta, Mama Kanta.

Jumapili, 14 Julai

Nimefungua dirisha: mji umekuwa wa kijivu! Mlima umegeuka usiku, umetumwagia majivu yote sisi. Magari kijivu, maua kijivu, paka wa Bi Kiyono kijivu. Nikamwambia Sachiyo tukijifunika vizuri bado tunawahi kivuko. Sachiyo, akiwa bado chini ya shuka, kasema yeye leo hatoki. Hatoki popote. Kisha akageukia ukutani.

Hii ni nafasi ya mwisho, na nusu yake inalala ukutani! Watoto nao wamegoma. Bi Kiyono alikuwa anafagia uani, anajaza majivu kwenye mifuko ya njano wanayopewa na jiji, kama mtu anayetoa takataka tu. Kanta kamwuliza mlima unapika nini. Bibi kasema, "Hata mimi nangoja chakula tangu nizaliwe." Basi! Kanta kashika ufagio. Hinano kashika kijiko cha bustani, chura kichwani. Nimewaambia kuna samaki wakubwa kwenye matangi, kuna bustani, kuna udon za kivukoni. Hawakunisikia. Kanta alikuwa anataka kujua majivu ni mazito kiasi gani kuliko unga.

Ratiba haiwezi kupotea bure. Nikaenda mwenyewe. Nikasukuma kigari kitupu mpaka bandarini, nikapanda kivuko, nikala udon kama nafukuzwa. Muuza udon kauliza mchele hajambo. Nikasema umebaki nyumbani. Nilijisikia mpweke, nakiri, kigari kikiwa wazi hivyo. Nikajiuliza Sachiyo anafanya nini. Nikajiuliza kama ameshampigia simu kaka yake.

Nilirudi alasiri, kijivu toka nywele mpaka viatu, macho mawili tu yanaonekana. Nikakuta nini? Uani kumetapakaa michoro ya vidole kwenye majivu: treni, chura, kitu ambacho Hinano kasema ni mimi. Wameketi barazani wanakula tikiti maji. Sachiyo ndiyo kwanza kaamka. Ana alama ya mkeka shavuni. Sijaona uso ule tangu kabla ya Kanta kuzaliwa.

Kanitazama mimi na kigari changu kitupu. Midomo ikaanza kumcheza. Akacheka. Akacheka mpaka akalala chali, tikiti mkononi, watoto nao wakacheka bila kujua sababu. Kasema, "Baba Kanta, umekwenda! Na mvua ya majivu hii, umekwenda!" Nikasema nimekwenda, na matangi ya samaki yana foleni.

Baadaye, watoto wakifagia tena, kaniambia jambo moja. Kasema mchele haukumuuma. Habari ya mchele atawasimulia wazee kazini, watafurahi. Kilichomuuma ni Kumamoto. Kasema usiku mzima wa jana hakuwa anajua mimi ni mtu gani. Nikaona haya mpaka masikio yakawaka chini ya majivu. Nikamwapia: Kumamoto sitaitaja tena maishani. Kasema sawa. Kanipa kipande cha tikiti, kile cha katikati kisicho na mbegu.

Jumatatu, 15 Julai

Tumerudi. Sachiyo kashuka treni anaimba. Kanta ana chupa ya majivu, hataki mtu aiguse. Norimichi alikuwa anatungoja na filimbi yake, kamtazama dada yake juu mpaka chini kutafuta uchovu. Hakuuona! Kauliza tulitembelea wapi. Sachiyo kasema, "Hakuna mahali. Nililala." Norimichi kageuka rangi. Filimbi iko Mto Chikugo. Nimeitupa kwa mkono wangu.

Nimeshinda! Mipango ni ya kwangu milele. Sachiyo kaweka sharti moja tu: safari ijayo, Septemba, Nagasaki, iwe bila mpango wowote. Tufike, tukae, tuone itakavyokuwa. Nimekubali kwa moyo wote. Mtu mwerevu hujifunza.

Jumatano, 31 Julai

Nimefikiria sana kuhusu safari isiyo na mpango. Ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Nagasaki ina vilima na ngazi kila kona. Huwezi kukaa tu mahali popote bila mpango, lazima ujue pa kukaa. Pana kivuli? Pana choo? Bi Kiyono anafagia Kagoshima, Nagasaki nani atafagia? Nauliza tu.

Kwa hiyo natangulia kesho. Kwenda na kurudi, hakuna atakayejua. Bwana Egashira nimemwambia jino lile limerudi. Sachiyo nimemwambia nina semina. Kauliza wapi. Nilikuwa nimeandaa mji mwingine kabisa, lakini ulimi ukaniponyoka: Kumamoto. Kaniangalia, kisha kasema safari njema.

Nimeshuka stoo sasa hivi kuandaa kigari. Ajabu. Mfuko wa mchele tayari umo, umefungwa mkanda, umepakwa mafuta ya jua, na kofia ya chura imebanwa kwa pini pande zote mbili. Bila shaka niliuacha hivyo mwenyewe nikasahau. Kazi nyingi hizi.

Nikipanda ngazi, Sachiyo kaniita toka jikoni. Kaniagiza nimletee keki ya Nagasaki, ile yenye sukari ya mawe chini. Nikamkumbusha kwa upole kwamba nakwenda Kumamoto. Kasema haya, basi nikiikuta hukohuko.

Maskini mke wangu. Hashuku kitu. Na jiografia hakuwahi kuiweza.