Kumrudisha Lavonne kwenye Televisheni

Jumamosi, 1 Machi
Wiki ya michango imeanza kwenye televisheni yetu ya umma: watazamaji wanapiga simu kuichangia. Wamerudia kile kipindi cha zamani cha dansi ya polka pale ukumbini, na mke wangu Lavonne akapita! Gauni la kijani, kichwa nyuma, anacheka. Halafu basi. Tangu nimzike Oktoba sijamwona akitembea. Ila anacheza na Milo Hruska, yule wa mgahawani. Mimi siku ile nilikuwa kwenye foleni ya soseji. Soseji!
Mtangazaji kasema kipindi kitakachotajwa zaidi na wachangiaji kitarudiwa Jumamosi ijayo. Aha.

Jumatatu, 3 Machi
Nimepiga simu. Nikajitia sauti nzito, jina Gustav. Mpokeaji akauliza kwa nini naiunga mkono televisheni ya umma. Nikaona haya. Nikasema napenda kipindi cha ndege. Nikapiga tena, sauti nyembamba, Bi Elvera. Naye ndege. Mpokeaji akaangua kicheko: “Wee Orval! Ni mimi Ardis, jirani yako. Huyo Elvera mbona ana kikohozi chako? Umekula lakini?”
Nikakata. Sikuwa nimekula.

Jumatano, 5 Machi
Ardis hayuko zamu. Nimejiita Milo Hruska, nikataja polka bila haya yoyote. Jioni mtangazaji akamshukuru Milo mbele ya jimbo zima kwa ukarimu wake. Kwa mchango wangu!

Alhamisi, 6 Machi
Milo kaingia mgahawani kifua mbele. Anadai televisheni inamjua mcheza polka ikimwona. Kanishauri na mimi nichange, niache kuwa mkono wa birika.

Ijumaa, 7 Machi
Ardis kaniletea viazi na nyama vya kuoka. Akauliza tena, safari hii bila simu: kwa nini hasa? Nikamwambia. Lile gauni. Akanipakulia viazi. Akasema wapigaji wengi hutaja habari, au ndege, na wakishataja hawakati simu. Wanabaki tu hapo, na yeye anabaki nao.
Kisha akauliza kwa upole kwa nini basi nilitaja ndege.

Jumamosi, 8 Machi
Ndege wameshinda. Korongo, saa nzima. Polka ilipata simu moja tu: ya Milo.

Jumapili, 9 Machi
Ardis kaja na diski. Kawaomba kituoni wakanakili ile polka. Sasa naweza kumwona Lavonne nikitaka, hata asubuhi na kahawa. Nimemwona mara moja, nikazima. Siyo sawa. Kwenye diski anachezea chumba kitupu. Kwenye televisheni anaingia kila nyumba, watu wako sebuleni, anacheka nao. Alipenda watu, Lavonne.
Michango mingine ni Agosti. Nimeanza mazoezi ya sauti mpya: nahodha mstaafu, koo bovu. Wakimuuliza sababu, atasema vipindi vya mapishi. Akitaja polka watanishtukia.