Ombi la Kumhamishia Binamu Stoo kwa Kuinyima Mashine Siri

Mheshimiwa Mkurugenzi, ambaye pia ni Shangazi yangu,

Shikamoo. Mwili wangu hauna neno, ila roho imechafuka, maana Jumamosi dada yangu anaolewa na mimi sina ruhusa ya kwenda. Wewe ndiye uliyeweka sheria kwamba fundi ambaye programu yake imegoma kuundika haendi likizo. Sheria nzuri, siipingi. Ninayempinga ni mwanao.

1. Binamu, kwa kupenda sifa, alikiunda upya kifaa kinachotuletea vipande vya programu kutoka mtandaoni. Alidai cha zamani ni kizito. Akapunguza hiki, akapunguza kile, mpaka akatoa na itifaki ya https, yaani ule utaratibu wa mashine kuzungumza kwa siri. Sasa tovuti zote zinadai siri, na kifaa chetu hakijui kunong'ona. Kila nikijaribu kuunda programu, jibu ni lilelile: itifaki hii haitumiki. Kazi inafia hapohapo.

2. Kwa desturi ya ofisi yetu, aliyegomewa huvaa ile kofia ya njano ya wajenzi mpaka mambo yatengemae. Nimeivaa tangu Jumatatu. Mama wa chai ameniomba nikamtazamie paa linalovuja, na kwa jinsi alivyoomba kwa heshima, nimekubali.

3. Nilipomlalamikia, Binamu alijibu kwamba kifaa chake kina kasi kuliko vyote. Ni kweli, kinakataa upesi sana. Haraka haraka haina baraka, Shangazi, hata kwenye kompyuta.

4. Kwa hiyo naomba uwaandikie wenye tovuti zote duniani waache siri hadi Jumapili. Mtu mwema ana nini cha kuficha? Wakikataa, mwombe dada aahirishe harusi. Wewe ni shangazi wa bibi harusi, atakusikia. Naye akikataa, basi Binamu ahamishiwe stoo akapunguze uzito wa makabati.

Simchukii, tumekua pamoja. Lakini dada ninaye mmoja tu, na amesema nisipomsindikiza ukumbini nisimwite dada tena. Hilo limeniuma sana.

Nisalimie mhasibu, mlinzi, na yeyote aliyeketi hapo kwako akisubiri saini.

Ni mimi mpwa wako mtiifu, ambaye bado hajafungasha,
Fundi wa Dirishani

Nyongeza: Binamu amekuja sasa hivi na kiti chake. Ameirudisha maktaba ya usalama aliyoiacha nje, yaani kile kipande kinachokifundisha kifaa kunong'ona, akakiunda kifaa upya, na programu imepita bila kinyongo. Kisha akasema kwa kuwa Jumamosi lazima mtu alinde mitambo, na zamu ni yangu, atakaa yeye ili mimi niende. Ningeichana barua hii, ila nimeiandika vizuri. Stoo asipelekwe. Nimefikiri sana, harusi bila yeye haitanoga hata kidogo, kwa hiyo naomba likizo mbili. Zamu utatushikia wewe, Shangazi. Kazi yenyewe ni rahisi, Binamu atakuonyesha pa kubonyeza.