Majivu Juu ya Kilima cha Mama Paziuk

Jumanne, 18 Machi

Theluji bado inafika magotini. Redio inasema joto litapanda mwishoni mwa juma, na mimi ni mtu wa kuamini redio. Nimeshuka chumba cha chini, nimetoa bunduki ya marehemu baba kabatini na kuipaka mafuta, ingawa niliipaka juzi. Kibunduki cha risasi ndogo, kitako kimelainishwa na shavu la baba na sasa kinalainishwa na langu. Darlene, mke wangu, aliteremka kuchukua viazi akanikuta nimelala kifudifudi, nailenga mashine ya kufulia. Akaniuliza kama imeshakufa. Nikamwambia bado. Akasema basi ikifa nitoe nguo zilizomo.

Msimu wa kuwinda unakaribia. Kila mwaka najiambia nimezeeka, moyo hautanidunda tena, na kila mwaka unanidunda. Huko chini ya theluji kindi wa ardhini wamelala tangu majira ya joto yaliyopita, baridi kama mawe. Kisha siku moja, bila kengele, bila redio, mmoja anafumbua macho gizani na kuanza kuchimba kuelekea juu. Nani kamwambia? Nimezaliwa hapa kijijini Kelvey, nimeota mvi hapa hapa, na sijui.

Wakulima wanawachukia, na hawakosei. Mashimo yao yanavunja miguu ya ng'ombe, na ngano changa wanaila kama yao. Kwa hiyo kuwapiga ni kuwasaidia majirani. Hivyo ndivyo ninavyomweleza Darlene.

Sasa jambo lenyewe: kilima cha Mama Paziuk. Hakuna malisho yenye kindi kama yale. Marehemu mumewe, Metro, kila masika alikuwa akienda mbio mlangoni, kofia mkononi, kumwambia mkewe, "Wametoka." Tangu afariki, Mama Paziuk ameweka sharti. Wa kwanza kugonga mlango na kutamka neno hilo, kisha akamwonyesha kindi akamwona kwa macho yake, kilima ni chake msimu mzima. Wengine tubaki barabarani.

Mshindi ni Garnet kila mara. Garnet ni kaka yake Darlene. Nyumba yake inatazamana na kilima, ana dirisha kubwa kama la duka, na darubini ya miguu mitatu. Mwaka jana alinionea huruma akanichukua. Nilibeba chupa ya kahawa. Kila nilipolala chini nilenge, alitaka kahawa.

Baba alinifundisha kulenga juu ya kilima kile. Nataka kulala pale asubuhi moja, kwa haki yangu, na bunduki yake. Sitaki kingine.

Alhamisi, 20 Machi

Asubuhi, meza ya kahawa pale duka la ushirika. Garnet alikuja na picha ya bunduki yake mpya kwenye simu, akaizungusha kama picha ya mjukuu. Darubini yake ya kulengea ni nene kuliko bomba la choo chetu. Akasema mwaka huu ananipandisha cheo: nitabeba kahawa na biskuti pia. Meza nzima ikacheka. Nami nikacheka. Moyoni nilikuwa nawaza majivu.

Wazo lenyewe ni hili. Jiko letu la kuni limekuwa likitoa majivu tangu baridi ianze, na Darlene huyahifadhi kwenye pipa kwa ajili ya njia inayoteleza. Majivu yetu yamejaa vumbi la makaa, ni meusi. Kitu cheusi hunywa jua. Yakimwagwa juu ya theluji, upande wa kusini wa kilima, theluji itayeyuka siku nyingi kabla ya mahali pengine. Ardhi itapata joto. Kindi atadhani ni Aprili. Atatoka, na mimi nitakuwepo. Usiku wa jana sikulala vizuri kwa kujistaajabia.

Nilipakia pipa kwenye pikapu wakati Garnet alipokwenda kliniki kutazamwa goti. Nikamwambia Mama Paziuk nimepita kukagua uzio wake. Akafurahi mno. Akasema uzio umelala tangu vuli na alikuwa akimwomba Mungu amletee mtu. Kwa hiyo nilirekebisha uzio. Kweli kweli, kwa nyundo, mpaka vidole vikafa ganzi. Akanipa supu ya bitiruti, akaniita kijana. Aliyeniita kijana mara ya mwisho ni daktari, na baada ya hapo alinipa habari mbaya.

Kisha nikapanda kilimani na koleo. Nilimwaga kwa ustadi, mkono mpana, kama mpanzi wa zamani. Sikufikiria upepo. Mtu aliyezaliwa kwenye tambarare hii hakufikiria upepo! Nilipogeuka, wingu langu lilikuwa linateremka taratibu kuelekea uani, ambako Mama Paziuk alikuwa ameanika mashuka. Haamini mashine ya kukaushia. Anayaacha yagande kwenye kamba mpaka yakauke, yananuka vizuri.

Yalikuwa meupe.

Alitoka akayatazama, akanitazama. Akauliza kama kuna moto mahali. Nikasikia mdomo wangu ukisema huenda Garnet anachoma mabua shambani kwake. Shamba la Garnet lina theluji ya kufika kiunoni.

Jumamosi, 22 Machi

Imefanya kazi!

Jua limewaka siku mbili, na juu ya kilima kuna ardhi. Duara jeusi, kubwa kama sakafu ya jikoni, katikati ya weupe wote ule. Nilipanda asubuhi nikapiga magoti pembeni yake. Udongo ulikuwa unatoa mvuke. Nilikuwa nimesahau harufu yake. Miezi hii yote pua zinanusa moshi, sufu na supu, na ghafla hii, nzito, tamu, kama mtu anafungua mlango wa chumba alichokuwemo babu yako. Ndege wawili wadogo wenye vishungi kama pembe walishuka wakaanza kudonoa, hatua moja kutoka kwangu. Nilivua kofia. Sijui kwa nini.

Kindi hakutokea. Nililala juu ya gunia mpaka adhuhuri. Maji ya theluji yakapita chini ya gunia, kisha chini ya shati. Niliponyanyuka, tope lilibaki na glavu yangu moja, ile ya kahawia. Niliivuta, ikakataa. Nikaiacha imesimama, vidole juu, kama mtu anayeomba ruhusa kwenda msalani.

Pikapu nayo ilikuwa imezama mpaka mhimili wa magurudumu. Tope la huku linashika kama gundi ya seremala. Aliyekuja na trekta kunivuta ni nani? Alishuka akachechemea na goti lake, akatazama duara, akatazama majivu kwenye nyusi zangu. 

"Shemeji," akasema, "huku kwetu tunawapiga kwanza. Kuwapika ni baadaye."

Neno hilo amelirudia dukani. Najua kwa sababu Darlene alilisikia huko akaniletea, pamoja na maziwa.

Jumapili, 23 Machi

Theluji imeanguka usiku kucha. Kilima cheupe tena, kama hakuna aliyewahi kukigusa. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilisahau kukasirika hadi baada ya kifungua kinywa.

Mama Paziuk alipiga simu. Alizungumza na Darlene kwanza, na hiyo kamwe si dalili njema. Garnet amekwenda kwake mwenyewe kusema hajachoma mabua yoyote. Mama hakunigombeza. Alisema tu kwamba bega linamsumbua, mashuka yamefuliwa upya na yanahitaji mtu mrefu wa kuyaanika. Ijumaa. Nije na mikono safi.

Garnet amehamishia kiti chake dirishani. Nimepita kwa gari polepole nikaona. Anakula palepale.

Ijumaa, 28 Machi

Niandike kwa utaratibu, nisiruke kitu.

Juma zima kumekuwa na jua. Leo asubuhi nilikuwa uani kwa Mama Paziuk, naanika. Shuka la kwanza liligeuka ubao kabla sijamaliza la pili. Vibanio vya nguo vilikuwa mdomoni mwangu. Juu kabisa, bata bukini walikuwa wanapita kwenda kaskazini, kundi juu ya kundi, na kelele zao zilifika chini zimechoka. Nilikuwa nimejikatia tamaa. Nilikuwa nawaza tu biskuti nitakazobeba.

Karibu na mguu wa nguzo ya kamba, theluji ikatikisika.

Ilitikisika tena. Ikatoboka kitundu, kidogo kama kikombe, na ndani yake kukawa na pua. Kisha kichwa kizima, theluji kwenye sharubu. Akajivuta nje akasimama wima, mikono kifuani, mwembamba, manyoya yamelowa, na akaitazama dunia. Hakuwa kwenye duara langu. Alikuja kupitia theluji yote ile, mahali ambapo hakuna aliyemwagia kitu, kwa sababu siku yake ilikuwa imefika. Jicho lake lilikuwa jeusi, na ndani yake niliona shuka jeupe, nikajiona na mimi, kidogo sana, na vibanio mdomoni.

Mlango wa jikoni ulikuwa nyuma yangu. Hatua chache. Neno moja. Kilima kizima.

Sikuweza. Naapa miguu ilikuwepo, mdomo ulikuwepo. Nilisimama tu. Nilifikiri nikipumua ataondoka, na sikutaka aondoke.

Wakati huohuo nikasikia trekta ya Garnet, kisha ngumi kwenye mlango wa mbele, kisha sauti yake: "Wametoka! Mama Paziuk, wametoka, nimemwona mwenyewe!" Akamtoa mama nje amevaa koti la marehemu mumewe, akamzungusha nyumba hadi penye kuona kilima. Duara langu lilikuwa limefunguka tena kwa jua. Majivu yalikuwa chini ya ile theluji mpya, yakaendelea na kazi kimyakimya. Na katikati ya duara, kitu cha kahawia, kimesimama wima, kinayumba kidogo kwa upepo.

Garnet akampa darubini. Mama akatazama sana.

Akasema kwamba kindi yule ana vidole vitano.

Ilikuwa glavu yangu. Garnet alikuwa ameivizia tangu alfajiri, ameacha chai ikapoa, akisubiri iteremke au isogee ili awe na hakika.

Ndipo mama alipogeuka, akaniona mimi nimekakamaa kama nguzo, akafuata macho yangu. Kindi bado alikuwa pale. Tukasimama watu watatu tukimtazama. Garnet akavua kofia, nitampa haki yake. Mama Paziuk aliweka mkono mdomoni. Kisha kindi akapiga mluzi mmoja mwembamba, akazama.

Kesi ilisikilizwa jikoni. Garnet alisema neno ni lake, alilitamka. Mama akamwambia alilitamka juu ya glavu. Mimi nikasema kindi alikuwa wangu. Akaniuliza nilimwambia nani. Nikatoa kibanio kilichobaki mdomoni nikakiri kwamba sikumwambia mtu.

Basi, akasema mama, kindi wa kweli amemwona yeye bila kuambiwa na mtu. Mwaka huu kilima ni chake mwenyewe.

Garnet akacheka, kwa adabu, akamuuliza atakifanyia nini. Mama akatutazama kama watoto waliochelewa shule. Akasema tulidhani Metro alikuwa akija mbio kumwambia kwa nini? Metro hangeweza kupiga ghala la nafaka akiwa ndani yake. Mpigaji alikuwa yeye, mkewe. Miaka yote hii alisubiri mmoja wetu amuulize kama angependa kuja.

Hakuna aliyewahi kuuliza. Supu ilikuwa ya moto sana, tukaitazama.

Alhamisi, 3 Aprili

Tumekuwa kilimani na Mama Paziuk tangu jua lichomoze. Bunduki ya nyumbani kwao imekufa pini ya kufyatulia, kwa hiyo mama ameomba ya baba. Alisema anaikumbuka. Mimi nimepewa kubeba kiti cha kukunja. Garnet kapewa chupa ya kahawa. Bunduki yake mpya iko nyumbani. Mama alisema darubini ile inamzibia mandhari.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Mwanamke mwenye bega bovu, kwenye kiti cha pikniki, blanketi magotini. Anavuta pumzi, anaacha nusu itoke, na kule mbali, mbali kabisa, kindi anaanguka kabla sijasikia mlio. Kisha anaomba kahawa. Garnet anamimina kwa mikono miwili, kama kanisani. Yule wa chini ya kamba ya nguo ni marufuku kumgusa. Ameshapewa jina: Metro.

Mwishoni alinipa bunduki, risasi moja. Nililala palepale pa baba. Kilima kizima kilikuwa kinapiga miluzi, ukungu unapanda, na mbele yangu mmoja akasimama wima juu ya theluji iliyobaki. Nikamweka vizuri kwenye shabaha. Nilikuwa bado namtazama aliposhuka shimoni. Garnet akaniuliza kama ningependa biskuti wakati nikisubiri arudi. Nilipenda.

Nimerudi nyumbani nimelowa na nina furaha ya kipumbavu. Nimelitafakari jambo zima tukila chakula cha jioni, nikamweleza Darlene. Ukweli ni kwamba majivu yalifanya kazi. Duara lilifunguka mara mbili. Kosa lilikuwa upepo tu. Mwakani nitamwaga upande wa uani, karibu na kamba, ambako wanatoka mapema. Nitachagua siku tulivu. Na glavu nitaweka mbili, Garnet apate shughuli.

Darlene amesema pipa liko palepale. Amesema pia nguo bado zimo kwenye mashine.