Nimeagiza Mgeni Afunguliwe Milango

Leo sina uso.

Naandika haya nimekaa nyuma ya jiko, kwenye kigoda cha mwanangu, kwa sababu mke wangu Konsolata ameniambia nikiingia ndani atacheka tena. Naye akicheka mimi naumia. (Simlaumu. Hata mimi ningecheka, kama aliyeko kule pwani asingekuwa wangu.)

Nitaeleza kuanzia mwanzo ili mnihukumu kwa haki. Shule niliishia la saba, mkikuta pamepinda panyoosheni wenyewe.

Juzi alfajiri nilimsindikiza Shangazi Skola kupanda basi pale Kabanga. Safari yake ni ndefu: anatoka huku kwetu Ngara mpaka Kilwa Kivinje, kwa mdogo wangu Vestina aliyeolewa huko. Vestina ndiye ndugu wa tumbo moja niliyebaki naye. Wengine wote wamelala hapa Kirushya, chini ya migomba.

Shangazi alibeba maharage, mkungu wa ndizi na agizo moja.

"Usimwambie Vestina kwamba naenda," alisema akiwa dirishani. "Nataka nimkute anavyoishi, siyo anavyojipanga."

"Sawa shangazi."

"Ukimwambia, nitajua."

Sikumwambia. Hilo naomba liandikwe upande wangu.

Sasa lazima mumfahamu shangazi, la sivyo mtaniona chizi. Huyu ni mama aliyewahi kupanda juu ya jiko la marehemu baba yangu na kung'oa mabati, moja baada ya jingine, kwa mikono yake. Mabati alikuwa ameyatoa yeye kama zawadi, na Jumapili ile baba alipita kanisani bila kumsalimia. Mabati yale niliyapigilia mimi mwenyewe. (Mimi ni fundi wa kuezeka. Siyo mkubwa, lakini nyumba zangu bado zimefunikwa.) Nisimwonee: kesho yake alileta kikapu cha maharage na akalia. Lakini bati hakurudisha.

Basi. Leo asubuhi nikaenda dukani kwa Masanja kuchukua simu yangu. Masanja ni Msukuma, alihamia huku kutoka Shinyanga na ng'ombe zake, sasa ana duka na sola, na sote tunachaji kwake. Nikawasha simu. Ikaingia meseji ya Vestina. Nainakili kama ilivyokuja:

"Kaka shikamoo. Yule mgeni wametangaza anafika leo usiku. Wanasema safari hii ana hasira na anaezua mapaa. Tena wanasema msimu huu watakuja wengi, mmoja nyuma ya mwingine. Majirani wamefunga milango wamekwenda kulala shule ya mlimani. Mama mkwe hataki atajwe kwa jina humu ndani. Na sisi tuhame au tukae? Nijibu upesi kaka chaji inaisha."

Jamani. Nyie mngeelewa nini?

Mgeni. Anafika leo usiku. Ana hasira. Anaezua mapaa!

Damu ilinipanda kichwani. Kumbe siri imevuja! Kumbe kuna ndugu amempigia Vestina, tena amemsimulia na habari za mabati, mpaka majirani wanakimbia na mama mkwe hataki hata jina la shangazi yangu litajwe! Nikamsomea Masanja kwa sauti.

Masanja akaacha kupima sukari. "Huyo shangazi yako ni mtu au ni kitu gani, mpaka watu wahamie shule?"

"Ni mtu. Ila ana nguvu."

"Na hao wengi wanaokuja nyuma yake?"

Hapo nilifikiri kidogo. "Labda ukoo mzima umeamua kwenda kutembea," nikasema. (Nilisema hivyo. Kwa kinywa hiki.)

Masanja akatikisa kichwa. "Nyie Wahangaza mnatisha," akasema, akarudi kwenye sukari yake.

Nikamjibu Vestina hapo hapo. Naandika polepole, kwa hiyo nilifupisha: "Msihame. Fungueni milango na madirisha yote. Mwacheni aingie na apite anakotaka."

Ikarudi: "Kaka una uhakika? Tuache wazi kabisa?"

"Wazi kabisa. Msiogope."

"Basi sawa kaka. Wewe ndiye fundi."

Hilo la ufundi lilinishangaza. Kupokea mgeni kunahitaji ufundi gani? Nikadhani ananisifu, kwamba mimi ni fundi wa maneno. Nikafurahi. (Ndiyo, nilifurahi. Sijazoea kusifiwa.)

Heri ningetosheka hapo. Lakini mimi nikianza kutenda haki sijui kusimama. Nikaona haitoshi kumtetea shangazi kwa Vestina tu, ukoo mzima lazima usikie. Tuna kundi letu la ukoo kwenye simu. Nikashika kile kidude cha kurekodi, nikakohoa, nikasema hivi, Masanja akiwa shahidi:

"Ndugu zangu, Deogratias hapa. Nimesikitika. Kuna watu wanamtangaza Shangazi Skola huko pwani kana kwamba ni janga. Tuseme ukweli wote. Mdomo anao, nisiwe mwongo. Hasira anazo. Akiingia nyumbani kwako lazima kitu kihame mahali pake. Mabati aling'oa, na mimi nilikuwepo. Lakini ni damu yetu! Vestina nimemwambia afungue kila mlango. Shangazi akivuma, avume, atatulia mwenyewe. Asanteni."

Masanja akapiga makofi. Nikatembea kurudi nyumbani nimenyoosha mgongo kama mwenyekiti wa kijiji.

Konsolata alikuwa anapukuchua maharage. Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono imesimama.

"Hiyo sauti umeituma wapi?"

"Kwenye kundi la ukoo."

"Shangazi si yumo humo?"

"Yumo. Lakini yule hajui kusoma."

Konsolata akanitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeingia kisimani kwa hiari yake.

"Kwani umeandika?"

Nilikaa chini. Sikutafuta kiti, nilikaa pale nilipokuwa. Nikatoa simu nifute, na ndani ya simu shangazi alikuwa tayari anarekodi. Ile alama ilikaa muda mrefu sana. Alikuwa na mengi.

Sauti ilipofika, Konsolata ndiye aliyebonyeza. Kwanza zikasikika kelele za watu, kisha mwanamke fulani anacheka mpaka anakohoa. Kisha yeye.

"Deogratias! Wewe mtoto wa kaka yangu! Basi zima limekusikia. Dereva amekusikia. Kuna mama hapa kando yangu amecheka mpaka ameangusha mayai yake, sasa ananiuliza hayo mabati nilishuka nayo vipi! Mdomo ninao, sawa. Niling'oa, sawa, na ningekuwa karibu leo ningeng'oa na ya kwako. Lakini nisikilize vizuri, bwege wewe. Tuko Nangurukuru, tumeshushwa wote, gari haliendi mbele. Kuna kimbunga kinatoka baharini, kinafika leo usiku. Vestina hajui hata kama nimetoka Ngara! Anayetangazwa huku si mimi. Huyo wanayemwita mgeni ni upepo, Deo! Huku hawapendi kuutaja, wanaogopa utasikia upate njia. Sasa umemwambia nini mtoto? Umemwambia aufungulie upepo mlango?"

Harage moja lilitoka mkononi mwa Konsolata likaviringika mpaka kwenye kiatu changu.

Ndipo lile neno likanirudia. *Wewe ndiye fundi.*

Hakunisifu, jamani. Aliniuliza mimi kama mwezekaji, mtu anayejua upepo unavyoshika paa. Na mimi, mwezekaji, nikamwambia aache wazi, uingie, upite unakotaka. Akaamini. Nyumba yao iko karibu na maji, paa la makuti. Ana watoto wawili humo ndani.

Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga kwa shemeji. Haipatikani. Nikaandika "FUNGENI. HAMENI SASA HIVI", kwa herufi kubwa zote, kana kwamba herufi kubwa zinatembea upesi. Haikufika.

Masanja akaja mbio, ameacha duka wazi, jambo ambalo sijawahi kuliona. "Fundi, redio inasema mambo ya pwani," akasema akihema. "Wanasema walioko bondeni na ufukweni waondoke. Wanasema mwaka huu hali ya bahari ni mbaya, hata hiki kikipita watu wasijisahau. Asubuhi walitangaza, mimi nilikuwa nakamua, nikasikia nusu. Nisamehe."

Nilimwambia hana kosa. Na kweli hana. Nimejaribu mchana kutwa kumpata mwenye kosa mwingine, kwa haki kabisa, na kila nikizunguka narudi kwangu.

Mwisho nikamrekodia shangazi maneno mawili: "Shikamoo shangazi."

Marahaba haikuja.

Mchana ukawa mrefu. Nikashindwa kukaa. Nikachukua nyundo, nikapanda juu ya paa langu mwenyewe, nikaanza kugonga misumari ambayo haikuwa imelegea. Hapa Kirushya hakuna bahari, ziwa lenyewe liko mbali. Anga lilikuwa jeupe na migomba haijatikisa jani. Bado nikagonga. Niligonga kwa ajili ya nyumba nyingine.

Habari zilikuwa zimeshafika barabarani. Vijana wawili wakapita na baiskeli za ndizi.

"Fundi! Unaziba mapema? Si ulisema afunguliwe?"

"Fundi, akija kwetu tumpe chai au uji?"

Nikaendelea kugonga. Siku nyingine ningewajibu vizuri tu, utani wenyewe ulikuwa mzuri. Kule juu nilikuwa nakumbuka Vestina alipokuwa mdogo. Upepo ukivuma usiku alikuwa anakuja kulala miguuni pangu, ananiuliza, "Kaka, paa litashika?" Namjibu litashika. Sikuwa fundi wakati huo. Sikujua chochote kuhusu paa. Lakini alilala.

Konsolata akanipigia kelele nishuke nile. Nikashuka, sikula. Hakucheka. Akaniwekea mkono begani, na hapo nikaogopa zaidi, maana mke wangu hashiki mtu begani ila msibani.

Jua lilikuwa linakwenda kuzama simu ilipotoa mlio. Sauti ya shangazi. Fupi kabisa.

"Marahaba."

Nikalia. Moshi wa jiko ulichangia, nisiwe mwongo, lakini si wote.

Kisha ikaja ya pili. Kwa nyuma mvua inapiga bati na watoto wengi wanapiga kelele.

"Nimewafikia. Nilipanda bodaboda, kijana hataki kwenda, nikamwambia utakwenda. Nimemkuta shemeji yako yuko juu ya ngazi, asubuhi alikuwa amepigilia mbao madirishani, sasa anazing'oa. Namuuliza una wazimu? Ananiambia, kaka ni fundi, amesema tuache wazi upepo upite. Deo, nilitaka kucheka nikashindwa. Tumezirudisha mbao zote. Mama mkwe kagoma kutoka, nikamwinua na kiti chake. Tuko shule ya mlimani. Niliwakuta watu wanagombania kona, nimeshawapanga. Maharage nimewapikia. Ulisema kweli, nikiingia mahali lazima kitu kihame."

Kwa nyuma kabisa Vestina akapaza sauti: "Kaka, usilie!"

Nani amemwambia nalia? Hapo Konsolata akaanza kucheka, kwa mara ya kwanza leo.

Kisha shangazi akashusha sauti, nadhani alitoka pembeni ya watu. "Nyumba yao sijui, mwanangu. Maji yameshaanza kupanda njia. Tuombe."

Tangu hapo mtandao umekatika. Nimejaribu tena na tena, sasa nimeacha, wasije wakamaliza chaji kwa ajili ya wasiwasi wangu. Hapa nilipo giza linaingia. Upepo umeanza kidogo kwenye migomba, wa kawaida tu, upepo wa kila jioni, lakini leo nausikia kama mtu anayepita akiuliza njia.

Kwa hiyo ndugu zangu, ninyi mliosoma mpaka hapa, na hasa wewe Masanja, maana najua simu yako ina chaji: naomba msicheke leo. Subirini kesho. Vestina akipiga simu asubuhi na kusema wote wapo, chekeni mpaka mchoke, hata barabarani, na mimi nitasimama mbele nianzishe.

Na mlango wangu usiku huu nitaufunga.