Karasha, Mgonjwa wa Ukweni

Jamani, leo nimejivua nguo ukweni. Mchana kweupe, na nimevaa suti. (Ya kuazima, lakini hilo tuliache.)

Mnajua leo ilikuwa siku ya posa. Mimi na mjomba Maduhu, ambaye ndiye mshenga wangu, tumetoka kijijini kwetu kule nyuma ya Kolandoto alfajiri, tukapanda basi hadi Geita mjini kwa akina Kabula. Kabula namtaka. Sisemi nampenda kwa sababu humu kundini mtanitania mpaka Pasaka, lakini namtaka. Baba yake alishafariki, kwa hiyo neno lote liko kwa mama yake. Mama akikubali, tunapanga mahari. Akikataa, ng'ombe wangu waendelee tu kula majani.

Tumepokelewa vizuri. Shikamoo, marahaba, karibuni, soda. Mjomba akaanza kazi yake ya kunisifu, na mjomba akisifu hana breki. Akasema Shija shule hakufika mbali, ila mifugo anaijua kuliko hao wa maofisini. Akasema nikimtazama ng'ombe machoni tu najua jana alikula nini. Mimi nikainamisha kichwa, mnyenyekevu kabisa. (Nilikuwa naonja kila neno kama asali.)

Mama Kabula akasikiliza mpaka mwisho, akasema basi Mungu ndiye amewaleta, maana humu ndani kuna mgonjwa.

Nikajua ni mbuzi. Nikakunja mikono ya koti. Mama akaingia chumbani, akarudi na tundu la nyaya, akaliweka mezani, pembeni ya soda yangu. Ndani kuna panya.

Panya, jamani.

Ana rangi ya mchanga, mkia una manyoya mpaka nchani. Kabula akanieleza kwamba huyu ni panya wa jangwani, wa kufugwa. Kuna mgeni alikuwa mpangaji wao, aliporudi kwao akawaachia na maelezo yote ya kumtunza. Wanamwita Karasha, kwa sababu anatafuna mchana kutwa kama ile mashine ya kusaga mawe machimboni. Ana bakuli lake. Ana kijiti cha mpera cha kuguguna ili meno yasirefuke yakamzuia kula. Ana kablanketi! Mimi utoto wangu wote nimelala jirani na ndama na sikuwahi kupewa kablanketi.

Kwetu panya anajulikana kwa kazi moja, kumaliza mpunga wa watu, na dawa yake inatangazwa gulioni kwa spika. Huku anabembelezwa. Nikamtazama mjomba. Mjomba akatazama soda.

"Anasumbuliwa na nini, mama?" nikauliza kwa sauti ya kidaktari.

Akasema tangu juzi pua na macho vinatoa wekundu. Nikainama, kweli pua nyekundu. Nikatangaza kwamba anavuja damu kwa ndani. Mama akasema hapana, hayo ni machozi, ya hawa yana rangi hiyo. Yakizidi, mara nyingi ni vumbi la maranda anayolalia linamkera, au ana hofu. Maranda ameshayabadilisha asubuhi, alitaka tu jicho la pili limwangalie kama macho yameanza kuvimba. Sasa kama unajua kila kitu, mimi unaniita wa nini? (Hiyo nilisema moyoni. Mdomoni nilisema, "Sawa mama.")

Nikataka kumwinua nione tumbo. Panya unamshika wapi? Mkia, si ndiyo? Kabula akanichapa kofi mkononi mbele ya mjomba wangu. Akasema mkia wa hawa unachunika, ngozi unaweza kubaki nayo mkononi, wanabebwa kwa viganja viwili. Akambeba yeye. Tumboni nikaona sehemu haina manyoya, ina rangi ya njano, inang'aa mafuta. Nikafurahi sana, hatimaye ugonjwa ninaoujua. Nikasema hili ni jipu na limeiva, leteni wembe.

Mama akasema hiyo ni tezi yake ya mafuta, anaipakaza kwenye vitu kuweka alama ya kwake, na madume wote wanayo. Kisha akaniuliza kwa upole kama huko kwetu ng'ombe huwa tunawaangalia tumboni.

Hapo ningenyamaza nikasubiri wali, saa hizi ningekuwa mkwe wa watu. Lakini kiburi kilikuwa kimeshanipanda. Mtoto wa mfugaji, mjukuu wa mfugaji, nije nishindwe na kitu kinachoenea kwenye kikombe cha chai?

Kwetu ng'ombe mgonjwa akijilaza, unampima hivi. Unamsogelea sikioni, unapiga makofi na mluzi mkali kwa pamoja. Akinyanyuka, ana nguvu, mtibu. Asiponyanyuka, jipange. Karasha alikuwa amesharudishwa kwenye tundu, amejikunyata zake. Nikasogeza uso. Nikapiga makofi, nikapiga na mluzi, ule wa kurudisha ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto.

Karasha akakakamaa. Masikio yakalala, miguu ikaanza kutetemeka, akaanguka ubavu.

Sasa nyie msiofuga niwaeleze. Mnyama akianza kukata roho, unawahi kumchinja. Akijifia mwenyewe ni kibudu, nyama imepotea, na jioni mzee atakuuliza ulikuwa wapi. Jambo hili tumelelewa nalo, halipiti hata kichwani, linatoka lenyewe. Nikasikia mtu anapiga kelele sebuleni kwa watu, "Kisu! Leteni kisu, anakufa kibudu!"

Mtu huyo alikuwa mimi.

Mjomba naye ana ugonjwa huohuo. Hakuuliza swali. Alitoka mbio kutafuta Mwislamu wa kuchinja, ili kila mtu aweze kula. (Kula nini, mjomba? Kula nini?)

Mama Kabula hakupiga kelele. Alifunika tundu kwa kanga, akaweka kidole mdomoni tunyamaze. Akanong'ona kwamba ni kifafa, hawa wakishtuliwa huwa kinawapata. Mtu hamgusi, hamwagii maji, hamlishi kitu. Anaachiwa giza na utulivu, kinapita chenyewe. Kisha akainamia kanga, akaanza kumwombea kwa jina. Hapo ndipo nilipojua kwamba huyu mama anampenda huyu panya kweli, na mimi nimemuua siku ya posa yangu.

Mlango ukafunguka. Mjomba amerudi na jirani, Mzee Ramadhani, kofia kichwani, kisu kirefu mkononi, anahema. Mtu wa watu ameacha chakula chake kuja kuokoa nyama ya jirani.

"Mnyama yuko wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole. Mama akainua pindo la kanga taratibu.

Karasha alikuwa amekaa, ananawa uso kwa mikono miwili. Alipomaliza akachukua kijiti chake cha mpera, akaendelea na kazi.

Mzee Ramadhani akamtazama. Akatazama suti yangu. Akamtazama tena.

"Kijana," akasema, "huyu hata nikimchinja hageuki halali."

Kabula akakimbilia jikoni. Nikadhani analia, moyo ukanifa. Kumbe anacheka, na kila akijaribu kujizuia mfuniko wa sufuria unadondoka. Mama yake hakucheka. Alikunja kanga yake, akaniuliza.

"Shija, mwanangu akishikwa na homa akaanguka, utatafuta dawa au utatafuta kisu?"

Wali tulikula hivyohivyo. Mwisho akamwambia mjomba kwamba hajatukataa. Ila Jumapili ijayo nirudi peke yangu, bila mluzi, nikae karibu na tundu, mkono wazi, mpaka Karasha apande kiganjani kwa hiari yake. Akipanda, ndipo tutaongea habari za ng'ombe. Asipopanda, safari njema. Mjomba akasema, "Wabeja, mayu," yaani asante mama kwa lugha ya kwetu, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo.

Naandika nikiwa stendi ya Geita. Mzee Ramadhani ametusindikiza mpaka hapa, kisu bado mkononi, na kila aliyeuliza kuna nini amesimuliwa kisa chote kuanzia mwanzo. Mjomba amekaa benchi la mbali, anajifanya hanijui.

Kwa hiyo msiniulize posa imefikia wapi. Ng'ombe wa mahari wapo zizini, wamenona. Tunasubiri panya akubali.